Metroni na Mikoba ya Jumamosi

"Ruka," alimwambia mtoto. "Ruka tena. Ya tatu."

Mtoto akaruka, begi likiwa mgongoni, na yeye akainamisha kichwa karibu naye kama fundi anayesikiliza injini. Kisha akanigeukia mimi, mwalimu mgeni niliyelijaza begi lile kwa mikono yangu.

"Umesikia, Shehe? Iko kitu mule ndani inapiga mutoto mugongo. Akifika kwa mulima mugongo itakuwa imekufa, na wewe utamubeba yeye na begi yake."

Akalifungua, akatoa kikombe cha bati nilichokuwa nimekitupia juu juu, akakitumbukiza ndani ya soksi, akakirudisha katikati ya sweta. "Sasa ruka." Mtoto akaruka. Begi likanyamaza.

Hivyo ndivyo nilivyofahamiana naye, katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, kwenye shule ndogo ya bweni upande wa Nyamwamba, mjini Kasese, magharibi mwa Uganda. Shule nzima ilimwita Metroni. Jina lake nililijua na bado nalijua, lakini hakuna aliyelitumia, hata mwalimu mkuu, na naona si haki nianze leo. Mimi aliniita Shehe tangu siku ile, kwa sababu alikuta nimeweka kibirika changu cha kutawadhia kando ya mikoba ya watoto. Sikuwa shehe. Nilikuwa mtoto wa msafirishaji wa samaki wa Kasenyi, nikaingia ualimu kwa kuwa nilichoka na harufu ya gari la baba. Lakini jina likashika, na nusu ya wazazi waliamini nasomesha dini.

Mara moja kwa mwezi, siku ya Jumamosi, tuliwapeleka watoto matembezi ya mchana. Tulipanda vilima vilivyo juu ya Kilembe, tukapita mashamba ya kahawa na mihogo, tukala mahali ambapo mto unasikika lakini hauonekani, tukarudi kabla jua halijalegea. Mara chache sana tulikodi gari tukaenda Mweya, mbugani, kuangalia viboko. Kazi ya kuwaongoza watoto ilikuwa yangu. Kazi ya kuwafungia mizigo ilikuwa yake. Hakuna aliyempa kazi hiyo, aliichukua tu, na walimu waliokuwepo kabla yangu walimwachia kwa furaha.

Alianza Ijumaa mchana, kipindi cha mwisho kikiisha. Alitandika mkeka kwenye sakafu ya stoo ya bweni la wasichana, akavua viatu, akapiga magoti. Hakufunga begi moja akalimaliza ndipo ashike la pili. Aliyapanga yote kwa mstari, ishirini au zaidi, akayapitia kwa mzunguko: kwanza soksi kwa wote, kisha sweta kwa wote, kisha chakula. Alisema ukifunga moja moja, begi la mwisho linapata uchovu wako. Midomo yake ilicheza muda wote. Nilidhani anahesabu, mpaka siku niliposogea nikasikia kwamba anasali rozari, na kwamba akifika mwisho wa mabegi kabla ya mwisho wa sala, alirudi mwanzo akayagusa tena.

Vitu vya mvua vilikaa juu kabisa. Yalikuwa makaratasi ya nailoni ya kufungia magodoro, ameyatoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. "Muvua haingojake ufungue begi yote," alisema. Viazi vitamu alivifunga kwa majani ya ndizi, kwa sababu kwenye nailoni vinatoa jasho na kulowesha nguo. Mayai ya kuchemsha yalikwenda kwa wakubwa peke yao, wadogo huyakalia. Chumvi na sukari alizikunja pamoja katika kikaratasi, kwa mtoto atakayeharisha njiani. Chupa za maji zilikuwa mbili, moja kila upande kama masikio, ili mtoto asitembee amepinda. Filimbi ilivaliwa shingoni. Na katika kila watoto watano mmoja alibeba kitenge kikuukuu, ambacho kilikuwa mkeka wakati wa kula, kamba wakati wa kuvuka maji, na bandeji kwa atakayeteguka.

Kitu cha mwisho hakikuingia ndani ya begi. Alikuwa na vipande vya karatasi ngumu alivyovikata kutoka maboksi ya sabuni, na juu ya kila kimoja ameandika kwa wino mweusi jina la mtoto, majina ya baba na mama, kijiji, na shule. Alikizungushia nailoni, akakishonea ndani ya pindo la sketi au kaptura. Watoto walilalamika kwamba kinawakwaruza mapaja. Mimi nilicheka.

"Mama, hawa wanajua majina yao. Mdogo kabisa ana miaka tisa."

"Banajua hapa," alijibu, uzi mdomoni. "Hapa hakuna mutu anabauliza."

Sikumwelewa. Nilidhani ni mambo ya utu uzima.

Nisimfanye malaika, maana angekuwa wa kwanza kukataa. Aliwanyang'anya watoto peremende kila siku ya kurudi bweni, akisema zinaozesha meno, halafu alizila zote mwenyewe usiku mpaka shavu moja likavimba akapelekwa kung'olewa jino. Aligombana na mhasibu juu ya sabuni kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nusu Kifaransa. Aliwadanganya watoto kwamba mlima unakula vidole vya miguu vya anayevua viatu, na baadhi yao, watu wazima sasa wenye familia zao, wananiambia bado hawawezi kutembea peku wakiuona ukungu kule juu. Alikuwa na wapendwa wake, na hakuficha. Mtoto mnyamavu alipata kiazi kikubwa. Mtoto mwenye maneno mengi aliambiwa, "Wewe utaomba kwa njia, una mudomo."

Tena alikuwa na jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe hakupanda mlima hata siku moja. Nilimwalika mara nyingi. Alikuwa na miguu mizima wakati ule, alitembea kutoka shuleni mpaka sokoni na kurudi na gunia la mihogo kichwani. Lakini kila nilipomwambia twende, alisema ana nguo za kufua.

"Sipendake kuona batoto kwa mustari na mizigo," aliniambia mara moja, kisha akaondoka haraka kabla sijauliza.

Alitusindikiza mpaka getini, na jioni tulimkuta getini, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa. Kila mtoto aliyeingia alimshika utosini akataja jina lake kwa sauti. Hakusema moja, mbili, tatu. Alisema Masika, Bwambale, Kule, Biira. Alipomaliza alisimama, akalibeba beseni lake, akaenda zake bila hata kutuuliza matembezi yalikuwaje.

Siku za wazazi kutembelea shule ndizo zilizonifanya nimfikirie. Alivaa kitenge chake cha kijani chenye ndege, cha pekee kilichopigwa pasi, akasimama mlangoni mwa bweni kupokea wageni. Wazazi walileta kuku, chapati, soda. Kila familia ilitafuta kivuli chake. Yeye alizunguka akiwapelekea maji ya kunawa, na kila aliyemkaribisha chakula alimwambia ameshakula. Nilimwona mama mmoja akimshika mkono na kumuuliza, "Na wewe, Metroni, wako yuko darasa la ngapi?" Alijibu, "Wangu alishatoka," akacheka kidogo, akamwongezea maji. Jioni nilipita nyuma ya jiko nikamkuta anakula ugali mkavu, peke yake, kitenge cha ndege kikiwa kimekunjwa vizuri kando yake.

Hakuwa na mgeni. Katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja sikuona mtu aliyekuja kumuulizia.

Sasa niseme habari ya Jumamosi ambayo ningependa iwe ya mtu mwingine.

Tulikuwa tumekaa wiki tatu bila tone la mvua. Kasese ikikauka hukauka kweli, vumbi mpaka kwenye chai. Asubuhi ile Metroni hakuwepo, alikuwa amempeleka mtoto mwenye homa kwenye zahanati. Watoto walikuwa na mabegi yao tayari, na walikuwa wameniomba wiki nzima tubebe mipira ili tucheze kwenye uwanda ulio juu. Mipira haikuingia. Nilitazama mbingu, nyeupe kwa jua. Nikayafungua mabegi, nikatoa makaratasi ya nailoni, nikatoa na sweta, nikavirundika stoo. Nikaweka mipira miwili, kamba ya kurukia, na soda. Sikuwarusha. Tukaondoka tukiimba.

Tulikuwa watoto ishirini na watatu, mimi, na mwalimu mwenzangu wa kike anayefundisha darasa la pili. Mpaka saa sita tulikuwa na siku nzuri kuliko zote. Kisha ukungu ukashuka, tukawa hatuoni milango ya magoli, na nyuma ya ukungu ikaja mvua yenye baridi kama maji ya kisimani. Watoto walikuwa na shati moja moja. Tuliwakimbiza mpaka kwenye banda la kukaushia kahawa, wakajibana humo wakitetemeka, na mwenzangu akahesabu. Ishirini na mbili. Akahesabu tena.

Aliyekosekana alikuwa Mbambu wa darasa la nne, msichana wa miaka tisa, mmoja wa wale wanyamavu wa viazi vikubwa.

Nilitoka. Nilipuliza filimbi, nikamwita, nikarudi mpaka uwanjani, nikashuka mpaka kwenye kijito tulichokivuka asubuhi kikiwa cha kifundo cha mguu. Sasa kilikuwa na rangi ya udongo, kinavuta mawe. Nilisimama pale nikatazama maji yanavyokwenda na sikuweza kumwita tena, kwa kuwa nilianza kuamini najua alipo. Sijawahi kumsimulia mtu nilivyofikiri wakati ule. Nilifikiri juu ya baba yake. Nilifikiri, naona aibu kusema, juu ya kazi yangu.

Watoto wengine walikuwa wanageuka rangi kwa baridi. Nilimwambia mwenzangu awashushe, mimi nikabaki. Nilitafuta kwa saa mbili, au zaidi, au pungufu, sijui. Mvua ilipokuwa imebaki manyunyu nikakutana na mwanamume kwenye njia ya mbuzi, amevaa gambuti, amebeba mgongoni mzigo uliofunikwa gunia la kahawa. Kichwa cha mzigo kilikuwa cha Mbambu.

"Wewe ndiyo mwalimu ya hii mtoto?" aliuliza.

Nilimgusa mtoto mguu. Ulikuwa wa moto.

Aliniambia kwamba mtoto aliingia jikoni kwa mama wa yeye huyo bwana, ng'ambo ya kilima, amelowa, meno yanagongana. Walimuuliza kwa Lhukonzo, wakamuuliza kwa Kiswahili, wakamuuliza kwa Kiingereza cha shuleni. Hakusema kitu, hata jina. Alitazama moto tu. "Mama akamtoa sketi aikaushe, akashika kitu ngumu kwa pindo. Akasema, hii nguo imeshonewa dawa ya kienyeji, tusiiguse. Mimi nikasema wacha nione. Kumbe ni barua." Alinipa kile kipande cha boksi la sabuni. Wino ulikuwa umetawanyika pembeni, lakini jina la shule lilisomeka, na jina la mtoto.

Tulipofika getini watoto wengine walikuwa wameshafika. Metroni alikuwa juu ya beseni lake. Alikuwa ameshaona walivyorudi na mashati matupu, na alikuwa ameshaona rundo la sweta stoo. Alisimama, akamchukua Mbambu kutoka mgongoni mwa yule bwana, akamshika utosini.

"Mbambu," alisema.

"Ndiyo, Metroni," Mbambu akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu saa sita.

Akaenda naye ndani, akamwogesha maji ya moto, akampa uji. Kwangu hakutazama.

Jumatatu baba yake Mbambu akaja. Alikuwa na haki ya kila neno alilosema, na aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwalimu mkuu akatuita ofisini, mimi, mwenzangu na Metroni, akauliza swali moja: "Nani anafunga mizigo ya watoto hawa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, nikisema moyoni kwamba nianze na hali ya hewa.

"Mimi ndiye nafungaka mabegi," Metroni alisema. "Siku zote ni mimi."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo, na mimi nikanyamaza. Mwenzangu akanitazama. Nikatazama sakafu. Metroni akaandikiwa barua ya onyo, na matembezi yakasimamishwa muhula mzima. Kesho yake nilikwenda peke yangu kwa mwalimu mkuu nikamwambia ukweli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Barua imeshaandikwa, Mwalimu. Na yeye hakulalamika." Akaendelea na kazi yake.

Ilinichukua wiki mbili kwenda kwake. Nilimkuta kwenye ngazi ya bweni anashona vifungo. Nilisema niliyokuja kusema, vibaya, nikirudia rudia. Alinisogezea ukingo wa ngazi nikae.

"Kwa nini ulisema ni wewe, Mama?"

"Sababu wewe bado uko mudogo. Banakufukuza, unaenda wapi na ile kibirika yako?" Alikata uzi kwa meno. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaniambia habari ya mtoto wake.

"Tulikuwa tunakimbia. Kule kwetu, karibu na Beni. Njia imejaa batu. Ikapita kamio ya mufanyabiashara, imejaa mbao, na juu ya mbao batoto. Dereva akasema, nachukua badogo tu, bakubwa bayende na miguu, tutakutana mbele kwa kanisa. Mimi nilikuwa na mutoto moja, mwanamuke, miaka tatu. Nikamupandisha.

"Nikamufungia sakado. Shehe, nilifunga muzuri! Nguo mbili, mukate, maziwa ya unga, blanketi. Mpaka sandale za mwaka unaokuja nikaweka, kubwa kidogo, sababu miguu ya mutoto inaongezeka. Batu banapita, banakimbia, na mimi niko chini kwa barabara nafunga begi.

"Nilitembea siku mbili. Nikafika kwa kanisa. Kamio haikufika pale, ilipita njia ingine. Ilishusha batoto mahali ingine, kila mutu akachukua moja. Batu ya roho muzuri, siwezi kubasema vibaya. Nikafika mpaka pale. Nikauliza, mumeona mutoto wangu, anaitwa hivi? Banasema, sisi hatukujua majina. Tuliuliza bale badogo, mama yako ni nani? Banasema, Mama."

Aliweka shati lililokwisha upande wa kulia, akachukua jingine.

"Kwa ile njia, kila mwanamuke alikuwa anaitwa Mama."

Alivuka mpaka kwa sababu mtu alimwambia baadhi ya watoto waliletwa Uganda. Akatafuta Bwera, akatafuta Kasese, akachoka, akapata kazi kwenye shule. Hakulia wakati anasimulia. Alinipa sindano nimtungie uzi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na nikamtungia.

Matembezi yalirudi muhula uliofuata. Tuliendelea miaka mingine mingi, yeye na mkeka wake, mimi na filimbi. Hakuigusa tena habari ya siku ile, hata alipokasirika na alikuwa anatafuta neno la kunichoma. Aliendelea kuwarusha watoto mara tatu, na mimi nikawa napiga magoti upande wa pili wa mstari, nikigawa soksi. Tuliweza kukaa saa mbili bila kuzungumza. Mbambu alimaliza darasa la saba akaondoka. Wengine wakaja. Kisha magoti ya Metroni yakakataa ngazi za bweni, na muhula mmoja tuliporudi kutoka likizo tukakuta metroni mwingine, msichana mchangamfu mwenye vyeti, na mabegi ya watoto yanafungwa na wazazi wao nyumbani. Hatukumfanyia sherehe. Aliniachia salamu kwa mpishi kwamba amehamia Bwera, mpakani.

Kutoka Kasese mpaka Bwera si safari ya kutisha mtu. Mimi nilikaa karibu miaka miwili bila kwenda. Nilikuwa na sababu, na sitaziandika, kwa kuwa nilipozisema kwa sauti garini siku nilipokwenda hatimaye, hazikuwa na uzito wowote.

Ilikuwa Jumanne, siku ya soko la mpakani, wakati ule wa kunawa mikono kwa klorini kila unapogeuka na kupimwa joto paji la uso kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ng'ambo. Nilimkuta nyuma ya soko, chumba kimoja, ametandaza sweta za watoto za mitumba juu ya turubai mbele ya mlango. Alikuwa amekonda. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Shehe. Umezeeka."

"Na wewe, Mama."

"Mimi nilikuja nimezeeka."

Alinikaribisha ndani, akanipikia chai, akaniuliza habari za shule, akamtukana yule metroni mpya ambaye hajawahi kumwona. Tulicheka. Kulikuwa na viti viwili, kimoja kipya kabisa, bado kina nailoni ya dukani, na hicho ndicho alichonipa. Nikamtania kwamba sasa anapokea wageni. Hapo akakoroga chai yake ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

"Alikuja mutu," alisema. "Padri ya kule ng'ambo alituma habari. Anasema iko binti moja, alilelewa na mama moja ya Butembo, ule mama alimupata kwa njia wakati wa vita, juu ya mbao. Miaka inafanana. Bakakuja bote mbili, binti na ule mama. Nikanunua kiti."

Nilikitazama kiti nilichokalia.

"Nikamwambia aketi pale, kwa mulango, kwa mwangaza. Nikashika mikono yake, nikageuza. Nikaangalia masikio. Shehe, miaka yote nilikuwa nasema, siku nikimuona nitamujua tu, mama anajuaka. Nikatafuta uso ya mutoto wangu, niiweke pembeni ya ile uso." Alitikisa kichwa. "Haikukuja. Nakumbuka sandale. Nakumbuka blanketi, mistari yake, ya bluu na ya manjano. Nakumbuka mukate nilifunga na kitambaa gani. Uso, hapana. Imetoka. Sijui ilitoka siku gani."

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya sweta. Hakumjibu, na baada ya muda nikasikia hatua zinaondoka.

"Ule mama alikuwa anasimama inje, pale pale, analia bila sauti. Alivaa vizuri, kama mutu anaenda kwa hukumu. Binti akaniuliza, 'Ni mimi?' Nikasema, 'Hapana, mwanangu. Siyo wewe.'"

"Na alikuwa yeye?"

"Sijui." Alisema bila hasira. "Ile ndiyo kweli yenyewe, na padri sikumwambia. Sijui. Binti akasema, 'Asante, Mama.' Akamushika ule mama mukono, bakaenda kwa mpaka. Nilibaona mpaka bakanawa mikono."

Chai ilipoa. Baadaye alisimama, akajishika kiuno, akaniambia gari za Kasese zinajaa mapema siku ya soko, nisikawie. Akanisindikiza mpaka kwenye stendi, polepole, akiegemea mkono wangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Pale garini akaniuliza kitu ambacho katika miaka yote hakuwahi kuuliza.

"Na wewe, kwako nani anakungojea?"

Nilitaka kusema mke na watoto. Mke wangu alikuwa amehamia Mbarara na watoto mwaka mmoja uliopita, kwa ajili ya kazi yake, ndivyo tulivyowaambia watu.

"Hakuna, Mama," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. "Basi ukifika unipigie."

Nilifika Kasese jua likiwa bado juu ya vilima. Nilifungua mlango, nikakaa kwenye kiti bila kuvua viatu, chumba kina harufu ya nyumba iliyofungwa kutwa. Nikapiga. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Muzuri."

Nilingoja akate. Hakukata. Nilisikia soko la Bwera linafungwa nyuma yake, mtu anavuta bati, mtu anaita mtoto. Yeye bila shaka alisikia ukimya wa nyumba yangu. Tulikaa hivyo, kila mtu kwenye kiti chake, mpaka dakika zangu zikaisha.